Sahani Isiyo na Bibi

Nilipokuwa mdogo, meno ya mbele hayajaota upya, nilitoboa paa la bibi mzaa mama yangu. Sikuanguka pembeni kama watoto wenye akili, nililitoboa. Paa la tembe ni bapa, udongo umetandazwa juu ya miti, na juu yake ndiko wanawake wa kwetu Issuna walikoanika mlenda na vipande vya maboga. Nilitumwa kugeuza mlenda. Mvua za mwaka ule zilikuwa zimekula udongo, nikakanyaga mahali palipooza, nikatua ndani, juu ya chungu cha togwa. Togwa yote ikaenda. Bibi alinitazama, akatazama mbingu kupitia lile tobo, akasema, "Haya, sasa tuna dirisha."

Aliyekuja kuziba ni mjomba. Alikuwa ametoka Tanga kukata mkonge, amerudi na gitaa, na gitaa lile hakuliweka chini hata kwa kula. Alipanda nalo paani, amelifunga mgongoni kama mtoto. Bibi akawa anampandishia udongo na karai kutoka chini. Katika kupandisha akaanza wimbo wa kupura uwele. Mjomba akamwitikia kule juu. Mimi na goti langu lililochubuka nikacheka mpaka nikasahau maumivu. Mjomba aliposhuka, mikono bado ina tope, akakaa kwenye kinu kilicholala, akautafuta wimbo ule kwenye nyuzi mpaka akaupata.

Nasema haya ili ujue kwamba hakuuokota njiani. Alipewa na mama yake.

Sasa sikiliza vizuri hapa, maana hasira yangu yote imekaa hapa. Tukipura uwele tunasimama mistari miwili, tunatazamana, masuke yamelala katikati. Mwitaji anaita, mstari mmoja unanyanyua fimbo. Tunaitikia, fimbo zinashuka, na wenzetu wa ng'ambo wananyanyua zao. Mwitaji akikosea, watu wanapasuana vichwa. Kwa hiyo hachaguliwi kwa uzuri wa sauti, anachaguliwa kwa sababu mnamwamini na vichwa vyenu. Sauti ya bibi ilikwaruza kama mtu anayekwangua sufuria, na hakuna aliyewahi kuumia akiita yeye. Na uwanjani kwetu wa kwanza kumwitikia alikuwa mwanawe. Mjomba akishajibu, ndipo sisi wote tunafuata.

Mjomba akaunda kikundi, yeye na vijana watatu, sauti nne na magitaa, na bibi mbele yao akiita. Hizo zilikuwa siku za vijiji, kila sherehe ya shamba la ujamaa wanaitwa wao. Wazee walinung'unika kwamba gitaa limeingia kwenye uwele kama mbuzi aliyeingia bustanini, lakini miguu yao ilikuwa inacheza. Mimi ugali wa siku zile bado nausikia mdomoni, wa uwele mweusi, na maziwa mgando kutoka kwenye kibuyu kilichofukizwa moshi. Siku hizi kibuyu wanaweka sebuleni kama pambo. Tuyaache hayo.

Basi bwana mmoja wa sahani za santuri akawasikia, akawaita Dar es Salaam watoe sahani yao ya kwanza, ile kubwa. Bibi akaenda pia, kwa lori mpaka Manyoni, halafu treni. Alirudi miguu imevimba, akatusimulia chumba cha kurekodia chenye magunia ukutani. Walimwambia aimbe bila fimbo, akashindwa. Wakamtafutia mti wa ufagio, akawa anapura hewa. Kisimani alimwambia kila mtu, hata asiyeuliza, "Mtanisikia." Mwanamke yule hakuwahi kutaka kitu. Hiki alikitaka.

Sahani ilifika wakati wa kupura. Mjomba aliileta mwenyewe, amevaa suruali ya bugaluu inayofagia mavumbi. Bibi alikataa kuacha kazi kwenda shuleni kusikiliza, kwa hiyo mwalimu akaleta gramafoni yake ya betri pale pale uwanjani. Tukaegemea fimbo zetu.

Gitaa likalia. Vijana wakaitikia. Likalia tena, wakaitikia tena. Tukangoja. Mama jirani akauliza, "Mbona wanaitikia, nani kawaita?" Watu wakacheka, wakidhani wimbo wenyewe haujaanza. Mwalimu akageuza upande wa pili. Hivyo hivyo. Kila mahali bibi alipoita, pamewekwa gitaa. Kwa wimbo ule huwezi kupura hata debe moja, utaua mtu. Na kwenye jalada walimpiga picha msichana fulani wa mjini ameshika fimbo ya kupuria kichwa chini, mahali pa kushika ndipo pa kupigia.

Hakuna aliyecheka tena. Bibi alisema taratibu, "Ulijua?"

"Mama, walisema sauti imezeeka. Wanunuzi ni vijana."

"Wao nimewasikia. Wewe ulisemaje?"

Mjomba akaanza kurekebisha nyuzi ambazo hazikuwa zimelegea.

Juzi mjukuu wangu kanipigia nyimbo zile kwenye simu, anafurahi, ati Bibi, nyimbo za kwenu hizi, watu wanazisifu. Nikamwambia azime. Akaniona mkali bure. Atajuaje? Tembe zimebomolewa, siku hizi mashine ndiyo inayopura, na alizeti imechukua mashamba. Aliyebaki kusimulia tulivyoimba ni simu, na simu inasema uongo wa mjomba neno kwa neno. Kusoma mimi niliishia darasa la pili, lakini mtu aliyefutwa namjua. Nilikuwa nimesimama naye mstari mmoja.

Maana siku ile haikuishia kwenye nyuzi. Mwalimu alipofunga gramafoni, katibu wa kijiji akataka kutoa hotuba ya kuwapongeza vijana. Bibi akamwambia, "Kaa, mwanangu, uwele bado." Akaokota fimbo yake. Tukajipanga. Akamtazama mjomba, hakumtukana, wala hakumfukuza, alimwachia nafasi yake ya siku zote kwenye mstari. Nikadhani yameisha.

Bibi akaita.

Fimbo zetu zikapanda. Zikabaki juu, tunangoja wa kwanza ajibu. Mjomba akalifunga gitaa mgongoni kama siku ile ya paa, akapita katikati ya mistari miwili, chini ya fimbo zetu, akikanyaga masuke, akashika njia ya barabara ya malori. Bibi akaita tena, kwa nguvu zaidi. Mjomba hakugeuka, na hakurudi.