Bi Nimeshiba

Wenzake wa bwenini ndio waliompa jina la Bi Nimeshiba. Kila akikaribishwa chakula alijipapasa tumbo, akacheka, akasema ameshiba mpaka shingoni. Alikuwa mcheshi, na utani wake ulimkinga: hakuna aliyemuuliza kala wapi.

Ukweli ni kwamba tangu baba yake mdogo, aliyekuwa akimsomesha, aachishwe kazi kiwandani, binti alikuwa akishindia maji ya sukari. Mchana wenzake wakienda kantini, yeye alijichimbia maktabani, kwenye meza iliyo mbali na dirisha, maana harufu ya vitunguu vinavyokaangwa ilipenya pale. Alikuwa akisomea uuguzi. Kitabu kilieleza waziwazi jinsi mwili unavyojila ukikosa chakula, naye alikisoma kana kwamba anasoma habari za mtu mwingine.

Siku moja ya mafunzo wodini alikuwa akimlisha uji bibi mmoja aliyepooza. Bibi alikula nusu, akageuza uso ukutani. Bi Nimeshiba akatazama huku na huku, akainamia bakuli, akaumaliza uji kwa kijiko kilekile cha mgonjwa. Muuguzi mkuu alimwona, akamkaripia mbele ya wenzake wote. Binti akafungua mdomo ajitetee. Akaanguka palepale.

Alipozinduka, aliyekuwa kando ya kitanda ni mwenzake wa chumba.

"Mbona hukuniambia, dada?"

"Ningeanzia wapi? Jina lenyewe mmeshanipa."

Mwenzake hakucheka. Jioni ileile aliinjika sufuria kubwa kwenye jiko la bweni, akapita mlango kwa mlango. Mwenye mchele alete mchele, mwenye maharage alete maharage, asiye na kitu aje na sahani tu, na hataulizwa neno. Alitarajia wangekuja wawili watatu. Foleni ilifika kwenye ngazi, na ndani yake walikuwamo wasichana waliosifiwa kwa kuvaa vizuri kuliko wote. Mpishi wa kantini aliposikia, akaanza kuwawekea chakula kinachobaki kabla hakijamwagwa. Uongozi wa chuo uliahidi kulijadili suala hilo, na sufuria ikaendelea bila wao. Jioni nyingine maharage huisha watu wangali wamesimama.

Kwa Bi Nimeshiba msaada ulikuja umechelewa. Tumbo lilikuwa limeshaharibika. Alichokula alikitapika, na mtihani ukamkuta hoi. Akafeli. Akatakiwa arudie mwaka mzima. Baba mdogo alimwambia kwenye simu, kwa sauti ya mtu anayeona haya, "Mwanangu, rudi tu nyumbani."

Akarudi. Sasa anapiga deki kwenye zahanati ya mji wao. Wauguzi wa rika lake humtuma maji ya moto, naye huyaleta. Wakati mwingine, wakikosea kufunga bandeji, husimama mlangoni na ndoo yake akitazama, kisha huendelea na deki.