Mkono wa Kuchinjia

Mwalimu wa historia huyu wa Newala, Mwislamu aliyebatizwa ukubwani, na ndevu zake, siku hizi hasomi kingine ila Vita vya Msalaba. Kidole chini ya mstari, midomo inacheza, na kila mji ukitekwa hujifuta mikono kwenye suruali, utadhani damu imemrukia. Juzi kaenda Kitangari kwa mama yake, kakamata kuku na kisu kama alivyozoea tangu ujana. Mama akamwondolea kisu taratibu.

"Ukichinja wewe sasa, baba, mimi sili. Ngoja nimwite Nurdin hapo jirani."

"Mkono si uleule, mama?"

"Uleule. Nimeuosha mimi tangu uchanga wako."

Mwana akamshikilia kuku miguu, Nurdin akachinja. Kisha mwalimu akajifuta mikono kwenye suruali, na safari hii damu ilikuwepo.