Mbuzi Wawili Badala ya Neno Moja

Mujomba wangu, kaka wa mama, ana butike pale Kabambare: sabuni, chumvi, betri, na mafuta ya kung'arisha ngozi. Nilipokwenda kumuaga kabla ya ndoa yangu alinizawadia chupa moja, akasema nitang'aa. Kweli, niling'aa. Halafu mashavu yakaanza kuwaka, ngozi ikabambuka, chini ya macho pakabaki peusi kama kitako cha sufuria. Daktari alisoma maandishi ya chupa, akasema ndani kuna dawa inayokula ngozi. Ndoa ikaahirishwa. Nililia, sitadanganya.

Kwetu jambo kama hili halipelekwi tribinali, kwa hakimu. Familia inakaa. Mwenye kosa analeta mbuzi, anasema kwa kinywa chake "nimekosa", kisha wote wananawa katika beseni moja na kula. Ukishanawa, basi. Hata uso ukioza, huna ruhusa ya kulitaja tena. Kwa hiyo mimi na mama tulipanda pikipiki kutoka Kasongo hadi kwa mujomba, vumbi likiingia katika vidonda vyangu njia nzima.

Kumbe mujomba alikuwa amesikiliza redio. Alitueleza kwamba huko Ulaya na Amerika kampuni zinazouza mafuta na poda zinashitakiwa, zinalipa watu, na zinaandika kwamba kulipa si kukubali kosa. Kesi inakwisha. Jambo hilo lilimpendeza mno.

"Na mimi vilevile," akasema. "Mbuzi iko pale. Kosa, hapana."

Mzee wa ukoo aliyeongoza kikao akamwambia kwamba bila lile neno, mbuzi ni kitoweo tu.

"Basi naongeza wa pili."

Wazee wakatazamana. Niliona wazi kwamba mbuzi wa pili ameanza kuwaingia. Mama akanifinya paja. "Kubali, mutoto. Ni kaka yangu."

"Sinawi," nikasema. "Aseme. Na yale mafuta ayatoe butikeni."

"Ala! Unataka nife na njaa?" mujomba akafoka. "Yale ndiyo inauzika kuliko chumvi!"

Nilikuwa na hasira ya kupindua sahani. Wale mbuzi walichinjwa, wakapikwa, wakapakuliwa, na bado tulikuwa tunabishana. Nyama ikaanza kupoa. Jambo hilo liliwasikitisha wazee kuliko uso wangu.

Mke wa mujomba akaleta beseni. Ni mwanamke wa maneno machache, daima amejipaka poda nzito. Aliweka beseni mbele yangu, lakini badala ya kurudi jikoni akaketi katikati yetu. Akalowesha ncha ya kitenge chake, akajipangusa uso taratibu, mbele ya watu wote. Mabaka yake yalikuwa makubwa kuliko yangu.

"Mimi alinipa mbele yako, wewe ukafuata," akaniambia. Kisha akawageukia wazee. "Mbuzi yangu iko wapi?"

Mujomba alimtazama mke wake mpaka mimi nikaona haya kwa niaba ya mujomba. Akainuka, akaenda butikeni, akarudi amebeba kartoni nzima ya mafuta, akaitua chini.

"Nimekosa," akasema.

Hakuwa akinitazama mimi; alimtazama mke wake. Iliniuma, maana neno lile ni mimi niliyelifuata kwa pikipiki. Nikamsogezea mke wake beseni, anawe wa kwanza.