Jumatatu za Kalisti na Mama Serah

Kalisti alifanya kazi ya kuegesha magari ya watu kwenye maegesho ya chini ya ardhi mjini Alexandria, Virginia, Marekani. Mteja anamkabidhi ufunguo, naye analiteremsha gari hadi ghorofa za chini, analibananisha kati ya mengine, kisha anapanda tena kwa miguu. Aliendesha magari ya kila aina, lakini hakuna lililompeleka mbali kuliko ule mteremko.

Mwaka 1996 mke wake alifariki huko kwao Karagwe, Tanzania. Makaratasi ya uhamiaji ya Kalisti yalikuwa bado hayajatoka. Angeondoka Marekani asingeruhusiwa kurudi, na watoto walikuwa wakisoma kwa mshahara wake. Hakwenda kuzika. Tangu hapo Jumatatu, siku yake ya mapumziko, ikawa haikaliki nyumbani. Akanunua Toyota kuukuu na ramani ya jimbo la Virginia, akaanza kutoka. Asubuhi anakwenda, jioni anarudi. Alikwenda Fredericksburg akatembea kando ya mto. Alikwenda Luray akaingia mapangoni pamoja na watalii. Mchana anafungua hotpoti yake ya ndizi ndani ya gari, anakula peke yake huku akitazama watu walioongozana na wenzao.

Mwaka uliofuata, baada ya misa ya Kiswahili kule Hyattsville, alikuwa akiwasimulia watu habari za yale mapango. Aliyesikiliza kuliko wote ni Genoveva, mama wa Kikenya kutoka Busia, mjane wa miaka mingi, aliyekuwa akihudumia wazee katika nyumba ya kuwatunzia huko Fairfax. Watu walimwita Mama Serah, kwa jina la binti yake wa pekee aliyekuwa chuo kikuu.

"Hiyo Luray ni wapi?" akauliza.

"Mbele huko, karibu na milima."

"Mimi niko hapa mwaka wa saba. Najua kazini, kanisani na supamaketi."

"Jumatatu unafanya nini?"

"Niko off."

Kalisti akatazama kikombe chake cha chai. "Basi karibu, Mama Serah. Gari lina nafasi."

Genoveva alimweleza binti yake kwa simu. Serah akacheka, akamjibu kwa Kiingereza kama kawaida yake, kwamba mama ni mtu mzima na hahitaji ruhusa.

"Siombi ruhusa," Genoveva akasema. "Nakuambia tu mahali nitakuwa."

Jumatatu ile alifungua mlango wa nyuma, akaketi na mkoba wake mapajani. Mjane kukaa mbele na mwanamume asiye wake, watu wangesema.  Kalisti alirekebisha kioo cha ndani ili amwone wanapozungumza. Wakasafiri hivyo kiangazi kizima, yeye mbele, mama nyuma, hata wakisimama kwenye taa ungedhani ni teksi na abiria wake. Genoveva alibeba chapati na chai kwenye thamosi. Kalisti alibeba ndizi. Wakifika ndipo wanaketi benchi moja.

Mwezi wa kumi wakapanda milimani kuona majani yanavyobadilika rangi. Barabara ilikuwa ya kona tupu. Genoveva akamgonga begani. "Simama, tafadhali."

Alitapika kando ya barabara. Kalisti alimshikia mkoba, akampa maji.

"Nimekuharibia safari, Mzee Kalisti."

"Hujaharibu kitu. Tumesimama tu tupumzike." Akasubiri amalize kunawa uso. "Nyuma ndiko kunakosumbua. Ukikaa mbele ukaitazama barabara, utapata nafuu."

"Na watu?"

"Watu gani?"

Genoveva akageuka kutazama. Kulikuwa na bonde tu na miti myekundu mpaka jicho lilipokomea. Akacheka huku bado akijifuta mdomo kwa leso, akaketi mbele.

Kalisti aliendesha polepole mno, akiwapisha waliokuwa nyuma yake. Juu kabisa wakashuka, wakaketi juu ya ukuta mfupi wa kando ya barabara na chai yao. Hapo ndipo alipomweleza jinsi mkewe alivyozikwa yeye akiwa huku, akiegesha magari.

Genoveva hakufanya haraka kusema pole. "Aliitwa nani?"

"Kokushubila." Akaweka kikombe ukutani. "Tangu afariki, huku hakuna aliyeniuliza jina lake."

"Kokushubila," Genoveva akalitamka taratibu, asilikosee. "Niambie alikuwa mtu wa namna gani."

Akamwambia alivyokuwa akiimba akimenya ndizi, alivyokuwa mkali kwa mtu mvivu, alivyopenda viatu vizuri. Genoveva aliuliza, akacheka panapochekesha. Chai ikapoa vikombeni. Waliporudi garini, Kalisti alilia kidogo kabla ya kuwasha injini, na Genoveva akaweka mkono wake juu ya mkono wa Kalisti, akauacha hapo.

Walifunga ndoa baada ya Pasaka ya mwaka 1999, Serah akimsindikiza mama yake mpaka altareni. Kisha wakaenda mji wa Roanoke. Kabla ya hapo hawakuwahi kwenda, kwa sababu ni mbali mno kwenda na kurudi siku moja, na sasa waliweza kulala huko.

Asubuhi Kalisti aliamka akamkuta mkewe kwenye dirisha la chumba cha hoteli, amejitupia koti la mumewe mabegani. Chini, treni ya makaa ya mawe ilikuwa ikipita mjini.

"Njoo uone, Kalisti," akasema. "Ni ndefu ajabu."

Akasogea, akasimama ubavuni mwake, wakaingoja ipite yote.