Viazi Mifukoni mwa Makoti

Harufu ya kiazi kilichooza ina tabia mbaya. Ikishakuingia puani unakwenda nayo nyumbani, unakula nayo, na ukilala inakungoja kwenye mto. Sisi tuliolelewa Mau Narok tunaijua kuliko marashi. Ukipita karibu na stoo ya mtu unajua, hata kabla hujapiga hodi, kwamba huyu alingoja bei ipande na bei ikamkatalia. Kwa hiyo asubuhi ile ya Agosti, mlango wa bati wa lile ghala la Nakuru ulipofunguliwa na ile harufu ikatoka kutulaki, hakuna mwanamke hata mmoja aliyeuliza ni kitu gani. Tuliijua mara moja. Shida ni kwamba ghala lile halikuwa na viazi. Lilikuwa na makoti, masweta na blanketi, mzigo wa kupelekwa ng'ambo, na lilitakiwa kunukia sabuni tu.

Nirudi nyuma kidogo mnielewe. Miaka michache kabla ya hapo, mwaka ule wa vurugu za uchaguzi, sisi wenyewe tulikuwa tukilala kwenye mahema mjini Nakuru. Kila kitu tulichokuwa nacho tulikuwa tumepewa: sufuria, unga, mablanketi, hata chupi, mtanisamehe. Mama alipanga foleni na karai lake kila siku, na kila siku alisema asante, mpaka nikaona lile neno limemchosha. Hakuwa mtu wa kiburi, msimwelewe vibaya. Alishukuru kweli. Lakini alikuwa mkulima aliyezoea kugawia majirani viazi kwa debe, na sasa alikuwa mtu wa kunyoosha mkono tu, leo na kesho na kesho kutwa. Hata tuliporudi nyumbani na shamba likaanza kutoa tena, jambo hilo lilibaki limemkaa kooni. Akiona lori lolote la msaada likipita barabarani aligeuza uso.

Basi ikaja habari kwamba tufani imepiga kisiwa kimoja chenye milima, mbali ng'ambo ya bahari, mapaa yameng'olewa na watu wanalala kwenye baridi. Jumapili hiyo, baada ya matangazo, mama akasimama kanisani. Sijui ujasiri aliutoa wapi. Akasema, "Tumepewa vya kutosha. Sasa na sisi tutoe. Tuwapelekee nguo za baridi." Watu waligeuka kumwangalia. Mzee mmoja aliyekaa nyuma akacheka waziwazi. "Mama Ciku," akamwambia, "ng'ambo ndiko nguo zinakotoka! Sasa wewe unataka kuzirudisha?" Kanisa zima likaangua kicheko, na mimi Ciku mwenyewe, niliyekuwa na miaka kumi na moja, nikatamani benchi lifunguke linimeze. Mama hakuketi. Alisubiri wamalize kucheka, kisha akauliza ni nani atakuja Jumamosi.

Walikuja wengi kuliko tulivyotegemea. Kule mjini kulikuwa na klabu ya wafanyabiashara wanaojitolea, ambao walikuwa wamepata kontena na nafasi kwenye meli, na walikuwa wanakusanya mizigo kutoka vikundi vya vijiji vingi. Masharti yao yalikuwa machache: nguo ziwe safi, zifungwe vizuri kwenye marobota, na ndani yake kusiwe na chakula, mbegu wala udongo. Chakula kikikutwa kwenye robota moja, kontena zima linazuiliwa. Mama aliyarudia masharti hayo kila Jumamosi mpaka sisi watoto tukawa tunamwigiza nyuma ya ukumbi wa kanisa, kidole juu: "Hata punje! Nimesema hata punje!"

Zile Jumamosi nazikumbuka kwa joto la pasi za makaa na mvuke wa sufu iliyolowa. Nje ukungu wa Mau ulikuwa umelala kwenye mashamba ya ngano, huwezi kuona hata ng'ombe wako mwenyewe, na ndani ya ukumbi wanawake walikuwa wanafua, wanapiga pasi, wanatia viraka, wanafuma soksi za watoto wachanga. Kazi yangu ilikuwa vifungo. Mama alikuwa mkali, wee! Alinusa kila koti kwapani. Ukimletea kitu kilichochakaa alikurudishia na swali moja tu: "Wewe ungevaa?" Siku ya kwanza akina mama wa upande wetu waliketi benchi moja, na akina Mama Chebet, wanaotoka mgongo wa juu wa mlima, wakaketi benchi lao. Mwaka wa vurugu ulikuwa haujasahaulika, na salamu zilikuwa za mdomo tu. Lakini sindano za ukumbini zilikuwa chache, na huwezi kuazimana sindano na mtu bila kusogea karibu naye. Kufikia mwisho wa mwezi wa kwanza Mama Chebet na shosho, bibi yangu, walikuwa wanagombana kwa sauti kuhusu namna ya kufunga kisigino cha soksi, na ugomvi huo ulitufurahisha wote.

Marobota yakapelekwa mjini, tukapiga makofi, tukadhani tumemaliza. Halafu meli ikachelewa. Mzigo ukakaa ghalani wiki baada ya wiki, na Nakuru si Mau Narok, kule jua linachoma bati mpaka linalia. Ndipo siku moja jioni simu ya mama ikaita. Alikuwa mtu wa klabu ya mjini, akiongea kwa upole kama mtu anayetoa habari za msiba. "Mama Ciku, pole, lakini mzigo wenu unanuka. Mkaguzi anakuja kesho alasiri. Akikuta kitu, si wenu tu, ni wa watu wote." Mama aliishika ile simu hata baada ya mtu kukata. Nilimwona akikaa chini, taratibu, kwenye kigoda cha jikoni. "Watasema hata kutoa hatujui," akasema. Hakuwa anamwambia mtu. Mimi niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa kwenye mahema, kwa sababu kule sikuwahi kumwona ameshindwa.

Tuliteremka alfajiri, kikundi kizima, nyuma ya lori lililokuwa likipeleka kabichi sokoni. Hakuna aliyezungumza. Nikadhani ni baridi, kumbe! Kufika ghalani mama akachukua kisu, akapasua robota la kwanza, akatoa koti la kijivu nililolishonea vifungo mimi mwenyewe. Mfuko ulikuwa na doa jeusi linalochuruzika. Akaingiza mkono, akatoa kiazi, yaani kilichokuwa kiazi, kimeota macho na kulainika mpaka kinapita katikati ya vidole. Akakiinua juu ili wote wakione.

"Ni nani?"

Wanawake wakaangalia dari, wakaangalia viatu vyao. Mwishowe shosho, mama yake mama yangu, akasonga mbele na fimbo yake. "Ni mimi," akasema. "Lakini niliweka kimoja kimoja tu, na vidogo." Hapo hapo Mama Chebet akakohoa. "Hata mimi. Si viazi lakini, mimi niliweka maharagwe. Kiganja tu." Halafu mwingine: "Mimi viazi. Lakini nilivipangusa udongo!" Halafu mwingine, na mwingine. Kila mmoja alikuwa amejificha na kila mmoja alikuwa anadhani ni yeye peke yake. Wa mwisho kabisa alikuwa mke wa mchungaji, aliyesimama nyuma ya nguzo, naye akakiri kwa sauti ndogo kwamba yake ilikuwa sukari, imefungwa vizuri kwenye nailoni.

Mama alikuwa karibu kulia kwa hasira. Akamgeukia shosho kwa heshima. "Mama, si nilisema? Si nilisema kila Jumamosi?" Shosho hakuinamisha kichwa. "Ulisema," akamjibu. "Na mimi nilikusikia. Lakini kwetu tangu lini kiondo cha mtu kikarudi kitupu? Na tena nikuambie. Ile siku tulipewa makoti kule kwenye hema, mimi nilipewa la kijani, zuri, zito. Nilikuwa sijala tangu jana yake. Kitu cha kwanza nilichofanya ni kutia mkono mfukoni. Nilijua ni ujinga, lakini nilitia. Hakukuwa na kitu. Sikutaka mwanamke wa huko atie mkono akose."

Nilimwangalia mama. Hasira ilimtoka usoni mara moja, na hata mimi mtoto niliiona ikiondoka. Akapangusa vidole vyake kwenye aproni. "Haya basi," akasema, "tufungue yote."

Tulifungua yote. Jamani, tulifanya kazi siku ile! Kila robota lilipasuliwa, kila mfuko ukageuzwa ndani nje, kila koti likakung'utwa. Zilizochafuka tulizifua kwenye mfereji wa maji safi uani na kuzianika kwenye ua wa waya, na kwa mara ya kwanza tukalishukuru lile jua la Nakuru. Zilizoharibika kabisa ziliwekwa kando za kurudi nyumbani. Watu wa klabu ya mjini, wenye mashati yao ya ofisini, walikunja mikono wakaingia majini pamoja nasi bila kutuuliza swali hata moja. Lakini jua lilipopita utosini na tukaanza kufunga tena, shosho akakataa. Alisimama mbele ya lundo la makoti, fimbo mkononi, akasema makoti hayatoki na mifuko mitupu, na kama ni vita basi iwe vita. Mke wa mchungaji ndiye aliyetuokoa. "Si kuna lile gunia la soksi za watoto?" akauliza. Zile soksi zilikuwa zimefungwa peke yake, zikisubiri kupakiwa. Mama na shosho wakatazamana. Soksi hazioti macho. Basi watoto wote tukapewa kazi ya kupita na gunia, jozi moja kila koti, na shosho akija nyuma yetu akipapasa mifuko kuhakikisha.

Mkaguzi alifika tukiwa tunakaza kamba ya mwisho. Alikuwa kijana mwembamba, suruali imenyooka, hana maneno mengi. Akanusa hewa. Akazunguka. Kisha akaonyesha robota moja lililokuwa katikati kabisa na kusema lifunguliwe. Akavuta koti, akalitikisa, akaingiza mkono mfukoni, na mkono ukasimama humo ndani. Mama alinishika bega kwa nguvu mpaka likaniuma. Mkaguzi akatoa soksi mbili nyeupe, ndogo kama kidole chake.

"Sasa mathe, hii ni nini?"

"Ni soksi, mkubwa," mama akasema.

"Naona ni soksi. Ziko mfukoni kwa nini?"

Shosho ndiye aliyejibu. "Kijana, mama yako akikutumia koti kutoka nyumbani, mfukoni hukuti kitu?" Yule mkaguzi akamtazama. Nadhani alitaka kukasirika, lakini uso wake ukamkataza. "Mimi hupata njugu," akasema. Akazirudisha zile soksi kwa uangalifu, akapiga mhuri, akatuambia tufunge. Hakufungua robota lingine.

Lori la kontena lilipotoka getini tulipiga vigelegele mpaka watu wa maghala ya jirani wakaja kuona ni arusi gani hiyo. Mama Chebet alimkumbatia mama akamwinua kutoka chini, na mama, ambaye hakupenda kuinuliwa, akaacha ainuliwe. Alicheka mpaka machozi, akakaa kwenye ngazi ya ghala, akavua viatu. Sijawahi kumwona mtu amepumua vile. Miezi ikapita, wale wa klabu wakatutumia picha: wanawake tusiowajua, kwenye kilima kisicho na miti, wamevaa makoti yetu. Mama aliipeleka kanisani, na yule mzee wa nyuma aliitazama kwa muda mrefu kuliko wote.

Siku hizi ninaishi Nakuru, ambayo imeshakuwa jiji na inatukumbusha kila saa kwamba ni jiji. Klabu za kujitolea bado zipo, na mimi niko katika mojawapo. Tufani ikipiga mahali tunatuma pesa kwa simu, dakika mbili, na msaada unafika kabla watu hawajalala nje. Ni afadhali hivyo, wala sitawadanganya kwamba ninalilia pasi za makaa.

Ila mvua za masika zilizopita ziliangusha jiko la mama na maji yakaingia mpaka chumbani. Nilipanda Mau Narok nikiwa na wasiwasi, na haikuwa nyumba niliyoihofia. Nilihofia kumkuta amekaa kimya katikati ya vitu vya kupewa. Nilimkuta uani, amevaa sweta la mtu mwingine lililompita mikono, vijana wa kanisa wakishusha godoro na mablanketi, na binti yake Mama Chebet akimmiminia chai. "Mama, uko sawa?" nikamuuliza. Akanishangaa. "Kwani niko vipi? Si unaona watu wameniletea vitu?" Kisha akawageukia wale vijana, akawaambia waingize lile godoro upesi kabla mvua haijarudi, na wavue viatu mlangoni.