Jiwe ya Mu Mihogo ya Nkambo

Siye benye tulikulia Lubumbashi zamani kidogo, vakansi yetu ilikuwaka Lukafu, hapana mbele ya televizyo. Shule ikifungwa tu, tunapanda kamyo juu ya magunia, vumbi mu meno, tunaenda kwa nkambo, mama ya baba. Kule kulikuwa mahindi ya kuchoma, munkoyo, kinywaji ya mahindi, ya baridi mu kibuyu, na mupira ya makaratasi mpaka magoti inatoka damu. Butamu gani ile!

Mwaka moja nkambo alikuwa analima, siye nyuma yake tunaokota majani. Jembe ikalia ngooo. Akafukua jiwe nyeusi, kubwa sawa kichwa ya mutoto, lakini Kabwe, kaka yangu mukubwa, alishindwa kuinyanyua na mukono moja. Ukiikwaruza, ndani inangaa. Siye batoto ba bantu ba mine ya madini, tulijua palepale: mukuba, ile shaba yenyewe! Tukarukaruka, kila muntu akajiona tayari juu ya kinga yake, baiskeli mupya.

Nkambo hakuruka. Aliangalia shamba yake yote, akakaa chini. Kwetu Katanga, pahali mukuba inaonekana, mahindi haioti tena: bachimbaji banakuja, shamba inageuka mashimo, mwenye shamba anahama. Akatushika masikio, mumoja mumoja.

«Mutoto mwenye atasema, atakula mashimo.»

Ee bantu, ile siri ilituwasha mu tumbo vakansi yote! Jiwe aliificha ku muto, pale analoweka mihogo, akaiweka juu ya mihogo isielee. Kumbe mihogo ikatoka na rangi ya kutu, na bukari, ugali yetu ya mihogo, ikawa nyekundu. Majirani bakauliza. Nkambo akajibu eti ni mbegu ya mupya, na bengine bakaiomba! Tulienda kuchekea nyuma ya jikoni.

Baba, mwenye alifanyaka kazi ya kuyeyusha mukuba, akafika kutuchukua. Alipoona ile bukari mu sahani, akauliza mihogo inalowekwa wapi. Akaitoa jiwe, akaikwaruza na kisu, akacheka. Alisema mukuba ikilala mu maji inaota rangi ya kijani. Hii imeota kutu, ni chuma, na chuma ya vile haiko mu bulongo ya hapa.

«Mama, hii haikuzaliwa hapa. Ilianguka kutoka juu.»

Nkambo akaangalia mbingu, kisha shamba. Hapo njo alicheka.

«Asante Mungu. Kama banaitaka, baende kuchimba kule.»

Juzi nilisikia tena mawe imeanguka mu mashamba ya bantu, moyo ukanidunda kama mutoto. Lakini batoto ba leo, aa! Bangeipiga foto mbele ya kuitoa mu bulongo, na jua haijalala, Ruashi nzima, ile mutaa ya Lubumbashi, ingekuwa pale na majembe. Telefone banajua, kufunga kinywa, habajui.

Leo ninakula bukari nyeupe pee, na ile nyekundu inanikosa. Nkambo hayuko tena. Shamba yake iko, mahindi inaota, na shimo ni moja tu, pembeni, ile yenye tulimuzika.