Baka Nyuma ya Sikio

Nilipokuwa mtoto wa darasa la nne, niliamka asubuhi moja nyumbani kwetu mtaa wa Kondele, mjini, nikakuta nywele zangu zimebaki kwenye mto. Sikupiga kelele. Nilizikusanya, nikazitia kwenye kopo tupu la maziwa ya unga, nikalisukuma chini ya kitanda. Baba alikuwa amezikwa mwezi mmoja tu uliopita, na nilijua ni nani aliyekuja kuzichukua.

Nilijua kwa sababu niliambiwa. Kijijini kwetu Bondo, siku chache baada ya maziko, waliofiwa hukaa kwenye kigoda wakanyolewa kichwa, ili kifo kisiendelee kuwafuata. Mama alikubali kwa kuwaheshimu wazee, ingawa yeye ni mtu wa kanisa. Shangazi, dada yake Baba, ndiye aliyeshika wembe. Zamu yangu ilipofika nilikuwa nimekimbilia kwenye mahindi, nimejilaza kati ya mistari huku naitwa. Mwishowe Mama akasema niachwe. Dani, ndivyo tulivyomwita bibi mzaa Baba, alinitazama nikirudi na majani makavu kwenye misuko yangu.

"Nyathina," akasema, mtoto wangu, "nywele ya matanga haikai na mtu. Ukikataa kunyolewa, marehemu mwenyewe atakuja kunyoa."

Hakuwa ananitisha. Aliyasema kama mtu anayekukumbusha kubeba sweta, na nadhani ndiyo maana yaliniingia hivyo.

Kufikia likizo ya Aprili nilikuwa na mabaka matatu kichwani. Mwenye duka la dawa alimwuzia Mama mafuta ya fangasi. Yalinuka sana na hayakusaidia kitu. Shuleni nilivaa kofia ya sufu juani, na watoto walisema waliyosema. Hao sikuwaogopa. Niliogopa kulaza kichwa, kwa sababu kila nilipokilaza nilisikia, karibu na sikio la kushoto, mkwaruzo mdogo wa wembe mkavu. Kopo lilikuwa linajaa. Nilikuwa najiuliza, nywele zikiisha, atachukua nini?

Mama alipoona kofia haivuliwi hata mezani, akanipeleka Bondo.

Dani hakushangaa wala hakunicheka. Alikata majani ya shubiri nyuma ya jiko, akayaegemeza ukutani mpaka maji yake ya manjano yakachuruzika yote, maana hayo huwasha ngozi, akabaki na ute. Majani ya mwarobaini alikuwa ameshayachemsha na kuyapoza. Kisha akanikalisha kwenye kigoda kile kile nilichokikimbia, uso ukielekea kaburi la Baba pale uani. Akaniosha kichwa, akaanza kunipaka.

"Sasa ongea," akasema.

"Niongee nini, Dani?"

"Hii dawa haifanyi kazi na mdomo imefungwa. Ile kitu ulimficha, mwambie."

Siku ya kwanza niliuma kucha mpaka alipomaliza. Siku ya pili nililia tu, naye akanipaka hivyo hivyo, akaenda zake kulisha kuku. Siku ya tatu nikasema.

Jioni ya mwisho ya Baba hospitalini, nilikuwa nasukwa kwa jirani. Mama alikuja mbio na simu mkononi. "Baba anataka kukusikia." Msusi alikuwa amefika karibu na sikio la kushoto, ameivuta ngozi mpaka machozi yananitoka, na nilikuwa nimenuna. Nikatikisa kichwa. "Mwambie kesho." Simu ilikuwa kwenye spika, Baba alinisikia. Alicheka kidogo, akasema sawa, kesho. Asubuhi hakuwepo.

Ndiyo maana niliukimbia wembe. Kwa akili yangu ya kitoto, nilidhani misuko ile ikitolewa, watu wote wataliona lile neno limekaa pale chini, kwenye ngozi.

Niliyasema hayo yote nikilitazama kaburi. Nilingoja kukemewa, lakini mkono wa Dani haukusimama hata kidogo.

"Umesikia?" akauliza.

Nilitaka kujibu, kisha nikagundua hakuwa ananiuliza mimi. Kuku walikuwa wanaparura kando ya kaburi kama kawaida, na sikio langu la kushoto likawa kimya. Mkwaruzo ule sijausikia tena tangu siku hiyo.

Nywele zilirudi, kwanza laini kama manyoya ya kifaranga, kisha ngumu kama za zamani. Zilirudi kote isipokuwa nyuma ya sikio lile, ambapo pamebaki baka dogo kama shilingi. Daktari niliyemwonyesha nikiwa mtu mzima aliniambia kwamba msongo wa mawazo unaweza kung'oa nywele za mtoto, na mara nyingi huota zenyewe. Namwamini. Sidhani hata shubiri ilifanya kazi kubwa; nadhani niliponywa na kile kigoda na lile swali la Dani. Lakini daktari hakuniambia kwa nini baka libaki pale na si penginepo, nami sikumwuliza. Niliona haya, na niliogopa.

Mwaka jana tulimzika Dani. Siku ya kunyolewa nilitangulia mbele ya wote, nikakaa kabla sijaitwa. Shangazi sasa ni mzee, lakini mkono wake bado ni mwepesi. Alinyoa utosi, akashuka upande wa kushoto, akalikunja sikio langu kwa kidole.

"Akinyi," akasema, "hapa nani alishakunyoa?"

"Baba," nikamjibu.

Wembe ukasimama. Kisha Shangazi akalowesha kitambaa, akalipangusa baka lile taratibu, kama mtu anayepangusa uso wa mtoto, akahamia upande wa pili.